Maji ya Kwanza ni ya Mdogo

Tangu dunia iumbwe, hakuna mtu aliyewahi kuirudisha sukari aliyokwisha kuikoroga kwenye chai. Mtenganishi, mashine ya kusafisha maji ya mji, aliirudisha kwa dakika nne.

Naisula Akyoo, mhandisi mkuu wa maji wa mji wa Magadini, alikuwa amewaonyesha wageni jambo hilo mara nyingi mno, na bado alipenda kuzitazama nyuso zao. Alimwaga kikombe cha chai ya maziwa kwenye faneli ya kioo, akarudi nyuma hatua mbili. Ndani ya mnara nyavu-atomi zikaanza kuvuma. Matundu yake yalikuwa madogo kiasi kwamba kila chembe ililazimika kupita peke yake, ikatambuliwa kwa jina na kuelekezwa mlango wake. Punde chupa za chini zikaanza kupokea: maji katika ya kwanza, mafuta ya maziwa katika ya pili, protini kama unga wa muhogo katika ya tatu, rangi ya majani ya chai katika ya nne. Mwisho kabisa, kwenye kisahani, ikadondoka sukari. Ilikuwa nyeupe na kavu, kijiko kimoja na nusu, kama ilivyokuwa kabla ya kukorogwa.

"Onjeni," Naisula akasema.

Wageni siku hiyo walikuwa walimu wa sekondari, waliokuja kushuhudia Siku ya Meno itakayofanyika kesho yake. Mmoja wao, mama mnene mwenye miwani, alilamba kidole akacheka peke yake.

"Haya, mhandisi. Na hii ina tofauti gani na chujio langu la nyumbani?"

"Chujio lako linakamata tope, mwalimu. Tope na maji ni mchanganyiko tu, kila kimoja kimebaki na lake. Uache usiku kucha, asubuhi tope limelala chini na maji yako juu. Lakini chumvi ikishayeyuka, huo ni mmumunyo. Uache mpaka kiyama, haitulii chini, haionekani, na chujio haliioni. Mtenganishi anaiona." Aliinua ile chupa ya kwanza kwenye mwanga. "Humu mna maji, na hamna kingine chochote. Dutu halisi. Hakuna mto wala chemchemi duniani yenye maji kama haya."

Alitaka kutabasamu, mkono ukaenda wenyewe kuufunika mdomo. Ilikuwa tabia ya kila mtu mzima wa Magadini. Kwa vizazi vitatu mji huo ulikunywa maji ya visima vya kando ya ziwa la magadi, yaliyojaa floraidi, na floraidi ikawachora wote: meno ya kahawia, yenye madoa na mashimo, na kwa wazee miguu iliyopinda kama mpini wa jembe. Ukienda Arusha kutafuta kazi, ukifungua mdomo tu wanajua umetoka wapi. Wapo wasichana walioolewa bila kucheka hata mara moja mbele ya wakwe. Naisula alisoma chuo kikuu miaka mitano akiwa ameubana mdomo wake, na alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatafanya hivyo.

Basi Mtenganishi alipoletwa, watu wa Magadini hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuupima wema wake. Waliupima kwa meno. Kila mwaka watoto walipanda jukwaani, wakacheka mbele ya kamera, na mashine ya kuhesabu meno ikatangaza idadi ya meno meupe. Mwaka wa kwanza walipiga makofi. Mwaka wa tatu walilia kwa furaha.

Na kila mwaka pembeni ya safu ile ya watoto alisimama Sinyati, bintiye Naisula, sasa mwenye miaka mitano na meno meupe kama tui.

* * *

Ila Sinyati hakuwa mzima.

Miezi sita nyuma alikuwa mtoto wa maneno. Aliuliza kwa nini mbuzi hana nyusi, na kwa nini Koko, bibi yake, anaongea na redio. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Alikuwa akielekeza kidole kwenye kijiko na kutafuta jina lake mpaka akakasirika. Tumbo lilimuuma, akawa mweupe wa viganja, na mguu wa kushoto ukawa unaburuza kiatu. Naisula alisema ni minyoo. Koko alisema ni kijicho cha watu. Minyoo ilitibiwa, kijicho kikaombewa, na mtoto akazidi kunyamaza.

Alasiri ile, walimu walipoondoka, Naisula alimpeleka kwa Daktari Shekalaghe. Huyu alikuwa mgeni mjini, mzee wa Usambaa aliyefika mwezi uliotangulia tu, na hakuwa na desturi ya kushangilia meno. Alimpima mtoto magoti, akamwangalia macho, kisha akamwambia acheke. Sinyati akacheka. Daktari hakuyatazama meno. Kwa kidole gumba aliuinua mdomo wa juu, akainama karibu sana.

"Mama Sinyati, njoo hapa uone."

Kwenye ufizi, pale nyama inapokutana na jino, ulipita mstari mwembamba wa buluu iliyoiva, kama uzi uliotiwa wino.

"Umekuwapo muda gani?"

"Sijui," Naisula akasema, na ni kweli hakujua. Alikuwa ameyapiga picha meno yale mara mia.

Kipimadamu kilitoa jibu kabla hajakaa vizuri. Daktari alisoma, akavua miwani. "Ni madini ya risasi. Mtoto ana risasi kwenye damu, nyingi, na si ya jana."

"Haiwezekani. Hashiki rangi, hachezi gereji. Na maji yetu, daktari, maji yetu hayana kitu!"

"Mimi sijayataja maji, mama."

Baadaye Naisula alikumbuka kwamba ni hapo moyo ulipomwambia ni maji, na yeye akaufungia mlango.

"Atapona?"

Daktari Shekalaghe alikuwa mtu asiyejua kupamba. "Dawa itaivuta iliyo kwenye damu. Iliyoingia mifupani itatoka kidogo kidogo, kwa miaka. Ile iliyopita kwenye ubongo imeshapita. Kwanza utafute inakotoka, maana nikitoa huku na nyumbani anaongezewa, tunajaza maji kwenye pakacha."

* * *

Nyumbani alichukua kila kilichopita kinywani mwa mtoto. Alichukua unga, maharage, maziwa, udongo wa uani, hata ile dawa ya mizizi ambayo Koko alidhani hakuna anayeijua. Mwisho akachukua kikombe cha bati cha Sinyati, kilichokuwa na maji robo yaliyobaki tangu asubuhi.

Kikombe hicho kilikuwa na historia. Zamani za visima, maji yaliyoachwa usiku kucha yalitulia, tope likashuka, na ndoo ya kwanza ya alfajiri ikawa ndiyo safi kuliko zote. Baada ya hapo kamba na ndoo huvuruga kisima mpaka jioni. Ndiyo maana wakubwa wa Magadini waliweka sheria ambayo hakuna nyumba iliyothubutu kuivunja: maji ya kwanza ni ya mdogo. Kitinda mimba hunywa kabla ya baba, kabla ya mgeni, kabla ya mgonjwa. Mabomba yalipokuja, sheria ikahamia bombani. Kila alfajiri Naisula mwenyewe alifungua koki, akakinga maji yaliyolala usiku kwenye bomba, akamnywesha mwanawe huku akimwombea heri. Hakumwachia Koko kazi hiyo hata siku moja.

Akarudi mnarani, akamimina sampuli moja moja. Unga ulikuwa safi. Maharage safi. Udongo ulikuwa na mambo yake, lakini si risasi ya kutisha. Alipomimina yale maji ya kikombe, nyavu zikavuma, chupa ya kwanza ikapokea maji, na kwenye kisahani, mahali pa sukari, kikabaki kidoa cha kijivu kisichofika hata ukubwa wa mbegu ya mchicha.

"Risasi," Mtenganishi akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile waliyoichagua wenyewe kwa kura.

"Imetoka wapi?"

"Katika sampuli uliyonipa."

"Maji haya ni yako!"

"Maji yangu yalipotoka mlangoni kwangu yalikuwa halisi. Kutoka hapa hadi koki ya nyumba yako ni kilomita sita. Huko sina jicho. Mliniagiza nipime mlangoni."

Naisula akakaa kwenye ngazi ya chuma. Kichwa chake cha mhandisi kilikuwa kimeanza kufanya hesabu bila ruhusa yake. Mabomba ya chini ya mji yalikuwa ya zamani, yaliachwa na kambi ya wachimba madini iliyokufa kabla hajazaliwa. Yalikuwa ya shaba, na kila kiungo kimelehemiwa kwa risasi. Maji ya kisima, pamoja na ubaya wake, yalikuwa na chokaa, na chokaa ile ilijenga ukoko ndani ya mabomba, ikaifunika risasi miaka yote. Maji yasiyo na kitu ndani yake hayatulii. Yana nafasi tupu, na yataijaza kwa chochote yatakachokigusa. Yalianza kwa kuula ukoko. Ukoko ulipokwisha, yakakuta lehemu. Na yakilala usiku kucha bombani hupata saa nane za kula bila kusumbuliwa, na alfajiri hutoka ya kwanza kabisa, yamemeta, hayana ladha wala harufu, yakaingia kwenye kikombe cha mtoto mdogo kuliko wote nyumbani.

"Mbona hukunionya?" akauliza.

"Niliuliza. Miaka mitatu iliyopita, ulipoagiza niache kurudisha chokaa."

Ikapigwa rekodi ya sauti ya Naisula mwenyewe, ya ujana kidogo, ya mtu mwenye haraka. Hapo mwanzo Mtenganishi alikuwa akiyarudishia maji chokaa kidogo kabla ya kuyaachia. Watu walilalamika: mnatutolea magadi mlango wa mbele, mnaturudishia mlango wa nyuma! Naisula hakuhitaji kushawishiwa. Hakutaka punje moja ya ziwa lile ipite kwenye meno ya mwanawe.

*Maji yatatoka matupu,* Mtenganishi alisema kwenye kumbukumbu ile. *Maji matupu hutafuta cha kuyeyusha. Nithibitishe?*

*Thibitisha,* ikajibu sauti ya Naisula. Nyuma yake kulisikika kicheko cha mtoto wa miaka miwili.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Yeye alikuwa ameivaa nguo yenyewe kwa fahari, na kila Siku ya Meno aliwageukia watu waione. Alilia mpaka kamasi zikamchuruzika, hakuzifuta. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mhandisi angeliuliza, ila mama.

"Wewe unatenganisha kila kitu. Huwezi kuitoa risasi ndani yake?"

"Naweza kumtenganisha na kila alichoundwa nacho," Mtenganishi akajibu kwa upole uleule. "Maji, lita kumi na moja. Mafuta. Protini. Kalsiamu ya mifupa. Risasi pia ningekupa, yote, kwenye kisahani. Lakini mtoto hatabaki kwenye chupa yoyote."

* * *

Mwenyekiti wa mji, Mzee Loishiye Kaaya, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Miguu yake miwili ilikuwa imepinda kwa floraidi, na alitembelea magongo.

"Umeshaagiza chokaa irudishwe?"

"Nimeagiza, mzee. Lakini ukoko hautajijenga kabla ya miezi mingi. Watu waambiwe leo. Waache maji ya kwanza yamwagike, waende kupimwa."

"Leo," mzee akarudia. "Mwanangu, kesho ni Siku ya Meno. Wageni wamejaa. Ukiwaambia watu hawa kwamba maji ya mnara yana sumu, unajua watakwenda wapi? Visimani. Watakunywa magadi tena, na wajukuu zako watatembea kama mimi. Ngoja wiki moja. Tutawaambia polepole, mtaa kwa mtaa."

"Wiki moja ni alfajiri saba."

"Na hofu nayo ni sumu."

"Mzee, wewe mdogo wa nyumba yako ni nani?"

Mwenyekiti alikuwa na mjukuu wa miaka minne, Lomnyaki, ambaye mji mzima ulijua kwamba alichelewa kusema. Watu walisema ni kwa sababu ya kudekezwa.

"Ngoja wiki moja," akasema tena, lakini hakumtazama.

* * *

Uwanja ulijaa kabla ya saa tatu. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na vitambaa vyeupe, na watoto mia nne wa Magadini wamepangwa kwa kimo. Mwenyekiti alimkaribisha mhandisi mkuu asome idadi ya meno ya mwaka huo. Naisula alipanda akiwa amemshika Sinyati mkono. Kiatu cha kushoto cha mtoto kilikwaruza mbao za jukwaa, na kipaza sauti kikaupeleka mkwaruzo ule uwanja mzima.

Hakuisoma karatasi. Alipiga magoti nyuma ya mwanawe, akamgeuza kuelekea kamera kubwa.

"Cheka, mama."

Sinyati akacheka, na meno yale yakatokea kwenye ukuta wa picha, makubwa kama milango. Watu wakashangilia. Ndipo Naisula akauinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kama alivyofanya daktari. Mstari wa buluu ukaonekana, mnene kama kamba.

"Miaka minne tumetazama meno," akasema. Mdomo wake mwenyewe alikuwa ameuacha wazi, kahawia yake yote hadharani, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Hatukutazama hapa juu. Hii ni risasi. Imo kwenye mabomba, na maji yangu ndiyo yanayoila. Yanayolala usiku ndiyo mabaya kuliko yote. Maji ya kwanza, jamani. Yale tunayowapa hawa. Kila mwenye mtoto, mwinue mdomo."

Mwanamke wa safu ya mbele alimvuta mwanawe, akafunua, akatazama, akafunika taratibu kama mtu anayefunika chungu akijua chakula kimeharibika. Wa pembeni yake akafunua naye. Halafu wakawa kumi, halafu ukawa uwanja wote umeinama juu ya nyuso ndogo, na kelele iliyopanda haikuwa ya kilio bado, ilikuwa ya majina. Kila mmoja aliliita jina la kitinda mimba wake.

Mwenyekiti aliangusha gongo moja. Alikuwa amemshika Lomnyaki kidevu, na hakuwa na mkono wa kuliokota.

Koko alipanda jukwaani kwa shida, shuka limemteleza begani. "Naisula, sheria hiyo niliipokea kwa mama yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ilikuwa sheria njema, yeyo, mama yangu. Ya kisima." Naisula alimfunga shuka vizuri. "Mimi ndiye niliyesema thibitisha."

Walio mbele wakasikia. Hakuna aliyemtukana. Angependa wangemtukana.

* * *

Asubuhi iliyofuata Sinyati aliamka wa kwanza, kama kawaida yake. Mama yake alimkuta amesimama kando ya koki na kikombe chake cha bati, akingoja haki yake.

Naisula akafungua. Maji yakatoka maangavu, yakaanguka kwenye mtaro. Daktari alisema yaachwe yamwagike dakika tano kamili. Huko nje, nyumba kwa nyumba, koki zilikuwa zikifunguliwa na mitaro ikilia, katika mji ambao mtu aliyemwaga maji alikuwa akisutwa hadharani. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo watu walivyozoea kusema, na asubuhi hiyo yalimwagwa kwa makusudi na watu wazima waliosimama wakiyatazama.

Sinyati alisogeza kikombe. Mama yake akauondoa mkono wa mtoto. Akasogeza tena, ukaondolewa tena. Aliyatazama maji yake yakienda, akamtazama mama yake, na uso ukamkunjamana kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa na asiyeweza kujieleza. Midomo ilitafuta. Ilitafuta kwa muda mrefu.

"Maji ya kwanza," akasema huku analia, neno moja moja, "ni ya mdogo."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoyapanga pamoja kwa mwezi mzima. Naisula alisikia kila neno likiwa mahali pake. Koki hakuifunga.